Swali la Zaituni na damu ya nyumba yetu

Zaituni: Asalam alekum familia, na wale wa kanisani hamjambo. Niko na swali linanisumbua. Baiolojia ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, tumefika evolusheni, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo vizazi kwa vizazi, mwalimu anasema binadamu na sokwe wana babu mmoja wa zamani sana, na UNEB, wale wa mitihani ya taifa Uganda, wanaweza kuliuliza. Sasa Mjomba ameniambia nikiandika hivo nimemkana Mungu. Niandike nini

Mjomba Yakobo: Mwanangu nilikuambia kwa upendo na narudia mbele ya wote. Mwanzo sura ya kwanza, Mungu aliumba kila kitu kwa aina yake na mtu akamuumba kwa mfano wake. Kama tulitoka kwa sokwe mbona sokwe bado wako msitu wa Budongo mpaka leo? Hilo swali ruka, jibu mengine

Swaibu: Lakini Mjomba hakuna aliyesema tulitoka kwa hao wa Budongo. Mimi na watoto wako babu yetu ni mmoja, sikutoka kwa watoto wako na wao hawajaisha kwa sababu mimi niko

Mjomba Yakobo: Hiyo ni familia Swaibu, wote watu. Nani ameona kiumbe kimegeuka kingine?

Zaituni: Mjomba mi sitaki kubishana, kitu kimoja tu kimeninyima usingizi. Sokwe wana jozi 24 za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, sisi 23. Kromosomu yetu namba 2, katikati yake kuna zile alama ambazo kawaida zinakaa nchani tu, kama kamba mbili zimeungwa na fundo liko pale pale linaonekana

Shemeji Kato: Sisi Wakatoliki Papa Yohane Paulo wa Pili alishaandika 1996 kwamba hii si dhana tupu tena. Roho ya mtu inatoka kwa Mungu, mwili unaweza kuwa na historia ndefu. Mimi sioni vita hapo

Shangazi Mwajuma: Nimetoka zamu sai ndo naona. Shemeji Yakobo nakuheshimu, na unajua mimi swala tano sikosi, lakini tafadhali usimwambie mtoto aruke hilo swali, maana liko kwenye damu ya nyumba yetu. Munakumbuka marehemu Hamisi kaka yangu. Alikufa na miaka 11, mifupa inamuuma usiku anauma shuka ili asimwamshe Mama. Majirani wakasema amerogwa, wengine laana, Mama akabeba hiyo maneno mpaka kaburini. Mimi nilikuja kujua nikiwa chuo cha unesi, ni sikoseli, herufi moja tu ya jeni imebadilika na chembe ya damu inapinda kama mundu. Mwenye AS amebeba jeni moja nzima na moja ya sikoseli, SS zote mbili ni za sikoseli ndo mgonjwa, AA zote ni nzima. Baba AS, Mama AS, kila mimba nafasi moja kati ya nne mtoto atoke SS. Nikajiuliza, kitu kinaua watoto hivi kabla hawajazaa, mbona hakikuisha zamani? Kumbe mwaka 1949 madaktari Lehmann na Raper walipima makabila ya Uganda wakakuta Baamba wa Bundibugyo karibu watu 45 kwa kila 100 wanaibeba, lakini Kigezi juu milimani kwenye baridi wachache sana. Tofauti ni mbu. Alafu 1954 Anthony Allison akaandika alichokiona kwa watoto wa Kiganda karibu na Kampala, wenye AS walikuwa na vijidudu vya malaria kidogo kuliko wenzao. Yaani penye mbu wengi mtoto wa AA malaria inamchukua, wa SS sikoseli inamchukua, wa AS anabaki anazaa, na watoto wake hivo hivo, vizazi na vizazi. Hiyo ndo evolusheni yenyewe Zaituni. Si laana na Mama hakuwa na kosa

Mjomba Yakobo: Pole sana shemeji. Hiyo ya Hamisi sikuijua hivo. Ila naomba nisikilizwe, hicho ni kitu kimeharibika, si kitu kipya, na mwenye AS bado ni mtu. Mabadiliko madogo nakubali, hata ng'ombe tunachagua dume. Samaki kuwa mtu ndo nakataa

Swaibu: Mi niko hapa Ggaba na samaki kila siku. Nkejje, hao samaki wadogo tunaokaushia watoto, ziwa letu la Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena na aina chache zikazaa aina zaidi ya 500. Iko inakula konokono, iko inakula magamba ya wenzake, mdomo kila moja na wake. Mputa, yaani sangara, ndo alikuja kuzimaliza nyingi

Mjomba Yakobo: Na bado ni samaki

Shangazi Mwajuma: Kweli bado ni samaki. Lakini 15,000 ni kidogo shemeji. Lile fuvu la nyani mkubwa ambalo Martin Pickford na Brigitte Senut walilipata Napak kule Karamoja 2011 lina miaka kama milioni 20. Hiyo 15,000 inaingia humo mara zaidi ya elfu moja

Mjomba Yakobo: Mimi naogopa kitu kimoja tu. Nimeona watoto wanaenda chuo kikuu wanarudi hawaombi, hawataki hata kushika mkono wa mzee aombee chakula. Zaituni nampenda sitaki apotee

Shangazi Mwajuma: Hofu yako naielewa na mimi ninayo. Ila tukimzuia hapa, hiyo kromosomu atakutana nayo huko mbali peke yake, na atadhani sisi tulimficha. Mimi asubuhi napima watoto damu, adhuhuri naswali, na sijawahi kuona kimoja kinamfukuza mwenzake

Mjomba Yakobo: Zaituni andika walichokufundisha, andika vizuri upasi. Mimi ya babu mmoja bado sijakubali. Likizo njoo Arua na hicho kitabu chako unionyeshe hilo fundo, tutaanza na sala

Zaituni: Nitakuja Mjomba asante sana 🙏

Shangazi Mwajuma: Swaibu, wewe na Aisha mumepima kabla ya ndoa?

Swaibu: Mimi AS Shangazi. Yeye bado

Shangazi Mwajuma: Kesho saa tatu niko getini. Mje wote wawili, asiogope sindano, nitamtoa damu mwenyewe