Naomba ushauri: filamu kuhusu watu wa Queens, New York

Wakuu, habari zenu. Naandaa filamu fupi ya hali halisi kuhusu Queens, nikifuata treni namba 7: Wahindi na Wabangladeshi wa Jackson Heights, Waekuado wa Corona, hadi Wachina wa Flushing, mwisho wa reli.

Nimekwama kwa wauza vyakula wa Roosevelt Avenue, barabara inayopita chini ya reli hiyo. Hao ndio roho ya filamu, ila wengi hawana vibali na wanaogopa kamera. Nimejaribu kurekodi mikono yao tu wakiwa kazini. Wamekubali, lakini picha zimepoa. Kuwaziba nyuso sitaki, wanaonekana kama wahalifu.

Mliowahi kufanya hivi: sauti bila sura inaweza kubeba dakika 20? Na ridhaa mliichukuaje kwa mtu asiyetaka kusaini karatasi yoyote?