Urani ya Mto Mkuju: nani awe na neno la mwisho pori la akiba linapomegwa?

Wakuu, tangu Rais Samia azindue kiwanda cha majaribio cha urani cha mradi wa Mto Mkuju, kule Namtumbo mkoani Ruvuma, mwishoni mwa Julai 2025, watu wamegawanyika pande mbili: wanaoutaka mgodi kwa udi na uvumba, na wasiotaka hata kuusikia. Mimi sina ugomvi na urani. Ugomvi wangu ni jinsi ardhi ile ilivyoondolewa kwenye hifadhi, na naomba tulizungumze hilo kabla hatujafika kwenye bei na ajira.

Kwa ambao hawakufuatilia, eneo la mradi lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, lililoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza uchimbaji kwenye mapori ya akiba, halafu sheria hiyo hiyo ikaacha mlango wazi kwa mafuta, gesi na urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ikiwa kwenye kikao Saint Petersburg nchini Urusi, ilikubali ombi la serikali yetu la kusogeza mpaka, na takriban kilomita za mraba 200 zikatoka.

Najua jibu linalokuja hapa, maana limeshatolewa mara nyingi: Selous ilikuwa na karibu kilomita za mraba 50,000, kwa hiyo kilichomegwa hakifiki hata nusu ya asilimia moja. Hesabu ni sahihi. Lakini maji hayajui asilimia. Mito ya kule inaelekea bonde la Rufiji, na huku chini kuna wakulima, wavuvi na bwawa la umeme la Julius Nyerere. Tusisahau pia Mwadui: Novemba 2022 bwawa la majitope (mabaki ya uchimbaji) la mgodi wa almasi lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu wa Kishapu. Lile lilikuwa tope la almasi. La urani lina mionzi, na linahitaji mlinzi kwa vizazi baada ya mwekezaji kufunga virago.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Vijiji vya Namtumbo na Tunduru vilitenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyama, kupitia jumuiya za hifadhi kama Mbarang'andu, ili kuwe na ushoroba, yaani njia ya kupita tembo, kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Mwanakijiji ameacha kulima pale. Akiingia porini bila kibali, anakamatwa. Mpaka huo huo anaoambiwa ni mtakatifu ukasogezwa mradi mkubwa ulipofika. Utamshawishi kwa maneno gani aendelee kutunza ushoroba?

Kuna mwenzetu ameandika kwamba kupeleka kila kitu bungeni ni kuchelewesha maendeleo. Ndugu yangu, tazama tarehe. Ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani, inayotumia urani kama nishati, ilitokea Machi 2011, bei ya urani ikaporomoka, na mpaka ukaguswa mwaka uliofuata. Mradi ukalala miaka mingi. Tumeingia 2025 tukiwa bado kwenye kiwanda cha majaribio. Muda wa Bunge kujadili ulikuwepo, tena wa kumwaga.

Na hilo ndilo ninalopendekeza. Hifadhi ya taifa haiwezi kubadilishwa mipaka bila ridhaa ya Bunge. Pori la akiba linaamuliwa na Rais kwa tangazo la gazeti la serikali, baada ya mashauriano. Kwa nini tofauti hiyo iwepo? Tembo ni wale wale, na ardhi ni ya wananchi wale wale. Pori la akiba nalo liwe chini ya Bunge, mjadala uwe wazi, taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira iwekwe mezani kwa Kiswahili kabla ya kura, na kiasi cha dhamana ya kufunga mgodi (fedha za kurekebisha eneo uchimbaji ukiisha) kitajwe hadharani.

Kuhusu faida, siidharau. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yanaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, na halmashauri inapata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Ruvuma imesubiri muda mrefu mradi wa ukubwa huu, na kijana wa Namtumbo anayetaka kazi hakosei hata kidogo. Ila hizo ni fedha za kugawana baada ya uamuzi. Haziwezi kuwa sababu ya kuuruka uamuzi wenyewe.

Mtu akisema wabunge watapitisha tu kwa "ndiyooo", nitamwelewa. Hata hivyo kura ya Bunge ina kumbukumbu rasmi, na mbunge wako unaweza kumuuliza jimboni alisema nini siku ile. Tangazo la gazeti utamuuliza nani?

Wanaoona pori la akiba libaki mikononi mwa Rais waje na sababu, hasa waliofanya kazi kwenye uhifadhi au madini. Na watu wa Namtumbo mlioko humu: mlipokuja kuulizwa kuhusu mradi huu, mliulizwa kabla ya mpaka kusogezwa au baada?