Mjadala: Je, daftari shirikishi liwe la lazima katika somo la Kiswahili, kidato cha kwanza na cha pili?

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi

Idara yetu ya lugha inapendekeza kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili awe na daftari shirikishi la Kiswahili, nami naunga mkono. Kwa wasioufahamu utaratibu huu, ukurasa wa kulia hubeba maelezo ya mwalimu, na wa kushoto huachwa kwa mwanafunzi ayafanyie kazi maelezo hayo kwa namna yake: jedwali, mchoro, barua, maswali au sentensi alizotunga mwenyewe. Ulienezwa nchini Marekani na Teachers' Curriculum Institute ya California kwa ajili ya historia na masomo ya jamii, na walimu wa lugha nao wakauchukua.

Mtaala wetu wa sekondari unadai umahiri tangu mwaka 2005, lakini madaftari mengi ninayoyafungua ni nakala ya ubao. Mwanafunzi amenakili bila kosa kwamba majina ya wanyama hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA hata yanapoanza na ki-. Mwambie atunge sentensi, ataandika "kifaru kikubwa kimekimbia". Kosa hilo haliwezi kuonekana katika maelezo aliyonakili. Huonekana ukurasa wa kushoto, siku ileile, likiwa bado rahisi kurekebishwa.

Mzazi, Sombetini, Arusha

Mwalimu, sina ugomvi na ukurasa wa kushoto. Nina ugomvi na orodha ya manunuzi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ila madaftari yalibaki juu yetu wazazi. Mkiongeza kaunta buku, gundi, mkasi na karatasi za rangi kwa somo moja, mwalimu wa Kiingereza naye ataomba vyake. Binti yangu mkubwa aliwahi kusoma kwa utaratibu huu: vikaratasi vya kukunja vilibandikwa kwa ustadi, na ndani yake yalikuwamo maneno yaleyale ya ubaoni.

Mwalimu wa sekondari, Arusha

Mzazi amegusa gharama, nami niguse muda. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 ana madaftari 240, na akitumia dakika tatu tu kwa kila moja anahitaji saa 12 za kusahihisha, mbali na vipindi, maandalio ya masomo na zamu. Kitakachotokea tunakijua: ataweka tiki nyekundu na sahihi, mwanafunzi ataelewa kwamba ukurasa wa kushoto hausomwi, kisha ataacha kufikiri na kuanza kupamba, na mthibiti ubora akifika atasifu madaftari yanayopendeza. Anayefundisha wanafunzi 35 autumie utaratibu huu kwa moyo wote. Ulazima ndio ninaoupinga.

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi

Ndugu mzazi, gundi na mkasi havihitajiki kabisa. Daftari la kawaida lenye kurasa mbili zinazotazamana linatosha, na vile vikaratasi vya kukunja ningependa tuvipige marufuku. Kuhusu saa 12, hesabu ya mwenzangu ni sahihi. Mimi hukusanya madaftari ya safu moja kila kipindi, huku wengine wakisomeana wawili wawili na kupigia mstari sentensi wanayoitilia shaka. Njia hiyo ina upungufu, maana wote wawili wanaweza kukubaliana kwamba kifaru "kimekimbia". Hata hivyo, hiari katika idara zetu humaanisha kwamba mwalimu mmoja atautumia na wengine watarudi ubaoni, kisha mwanafunzi akibadilishiwa mwalimu kidato cha pili aanze upya.

Mwalimu wa sekondari, Arusha

Basi kabla ya kulazimisha, mkondo mmoja uutumie kwa muhula mmoja na mwingine uendelee kama kawaida, kisha yote miwili ipimwe kwa insha na sentensi za kutunga, si kwa maswali ya kuchagua. Mikondo hiyo ifundishwe na mwalimu mmoja. Vinginevyo tutakuwa tumepima walimu, si madaftari.