MREJESHO: Vifaranga wa mashine wametoka

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu kutotolesha mayai ya kuku wa kienyeji kwa mashine ndogo nyumbani, mara yangu ya kwanza, na umeme wetu ni wa kukatika. Zaidi ya nusu ya mayai yametotolewa!

Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa kuweka kipimajoto cha pili ndani. Kioo cha mashine kinachoonyesha joto kilikuwa kinadanganya. Niliporekebisha, joto likatulia kwenye nyuzi 37.5 za Selsiasi. Siku ya 18 niliacha kugeuza mayai, nikaongeza maji ili unyevu upande, nikafunga mfuniko bila kuufungua tena. Na aliyenikataza kuwabandua vifaranga ganda, Mungu akubariki. Mmoja alitoboa asubuhi akatoka usiku, mzima kabisa, nami mkono uliniwasha kutwa nzima kwa hamu ya kumsaidia.

Hasara ipo. Mayai mengine hayakuwa na mbegu, niliyamulika kwa tochi nikaona mapema. Mengine vifaranga walifia ndani wakiwa wamekamilika; umeme ulikatika muda mrefu mwishoni, na blanketi nililofunika mashine halikutosha. Awamu ijayo lazima niwe na betri.

Sasa wako kwenye boksi chini ya taa, nasubiri siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku.