Ulinganisho: Duolian ya miaka ya 1930, National mpya au Dobro ya mbao? Naomba mawazo yenu

kijana_wa_Pangani:
Wakuu habari zenu. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa, gitaa la kawaida napiga tangu nipo nyumbani ila bluzi za Mississippi zimenikamata vibaya na mwaka huu nimeamua nanunua resoneta, yale magitaa yenye koni ya alumini ndani. Nimedunduliza muda mrefu kwa hiyo sitaki kukosea. Mezani kuna vitu vitatu, kwanza kuna mzee hapa jirani anauza Duolian, gitaa la chuma la kampuni ya National, anayosema ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, rangi imebanduka lakini mwili mzima. Pili ni National mpya ya koni tatu, na tatu ni Dobro ya mbao iliyotumika kidogo. Napiga kwa vidole, slaidi (kile kibomba cha kutelezesha juu ya nyuzi) nayo napenda, na nyimbo zangu nyingi naimba mwenyewe. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

mzee_wa_koni:
Karibu sana mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla pesa haijatoka. Mi nina miaka zaidi ya 20 na haya magitaa na ushauri wangu ni mmoja, chagua koni kwanza halafu ndo uje kwenye jina la mtengenezaji, maana hivyo vitu vitatu ulivyotaja ni sauti tatu ambazo hazifanani hata kidogo.

Koni tatu ndo ya kwanza kabisa, John Dopyera, fundi aliyetoka Slovakia, aliibuni Los Angeles kwa sababu mpigaji mmoja anaitwa George Beauchamp alikuwa anataka gitaa litakalosikika juu ya matarumbeta, enzi hizo ampu za kukuza sauti ya gitaa hakuna, na kampuni ya National ikaanza kuziuza 1927. Ndani kuna vikoni vitatu vya inchi 6 vimeunganishwa na daraja la umbo la T, mwili ni ile aloi ya shaba, nikeli na zinki. Sauti yake inakaa, ukivuta slaidi inaendelea kuimba, mpiga bluzi Tampa Red alikuwa nayo ya rangi ya dhahabu na ukimsikiliza utaelewa ninachosema.

Koni moja ilikuja 1928, inchi 9 na nusu, kilele kiko juu na pale kileleni kuna kisahani cha mbao tunakiita biskuti. Hiyo inafoka! Inapasua halafu inakata haraka, na ndo maana inafaa kwa mtu anayeimba, neno lako linapata nafasi. Wakongwe wa bluzi Son House na Bukka White wote walipiga National za koni moja. Duolian ni familia hiyo, mwili wa chuma cha kawaida, ilikuwa ya bei ya chini kabisa kwa National za chuma, dola 32.50 hivi wakati huo, ndo maana wapigaji wa Delta ya Mississippi waliweza kuipata.

Dobro sasa, Dopyera aliachana na National akaanzisha kampuni na ndugu zake, jina ni kifupi cha Dopyera Brothers na kwa Kislovakia dobro maana yake nzuri. Koni yao imegeuzwa kama bakuli na juu yake kuna buibui wa chuma wa miguu 8 anayebeba daraja. Sauti inapitia puani kidogo, tamu, ya bluegrass (muziki wa nyuzi wa vijijini Marekani), wengi wanailaza mapajani. Nzuri sana lakini kwa bluzi ulizotaja sio chaguo langu.

mamaZena:
Naongeza kitu kwa wasiowahi kuzisikia hizi ana kwa ana, mi nimekulia Lamu na mara ya kwanza kusikia koni moja nilikumbuka gambusi la ngozi, ule mlio mkavu unaokuja mbele halafu unaondoka. Koni tatu haina hiyo, yenyewe inaelea. Kwa hiyo kaka jiulize unataka gitaa lizungumze au liimbe, kwangu tofauti iko hapo tu.

Na kama una mpango wa kurudi nyumbani nalo fikiria hewa ya bahari. Duolian ya chuma iliyobanduka rangi Pangani itashika kutu, kila ukimaliza kupiga ufute jasho. Mi nina resoneta ya kampuni ya Beltona, mwili wake ni wa rezini, jepesi na halijui kutu ni nini, ila sura ya chuma huipati hapo, ukweli usemwe.

FundiNyuzi:
Mkuu wa Pangani, hiyo Duolian usitoe hela kabla hujaikagua vizuri. Mimi niliwahi kununua ya zamani kwa picha tu, muuzaji kaniambia iko safi, imefika nafungua kifuniko koni imezama katikati kama sufuria lililokaliwa na mtu, na shingo imevutwa mbele mpaka nyuzi kwenye freti (vile vijiti vya chuma shingoni) ya 12 ziko milimita 5 juu. Nililala nimechukia siku nyingi sana.

Nenda na sumaku na tochi. Sumaku ishike mwilini, Duolian ni chuma, isiposhika basi hiyo ni gitaa jingine au mwili umebadilishwa. Namba ya utambulisho iko juu kabisa kwenye kichwa cha shingo imegongwa kwenye mbao, isome na ilingane na mwaka anaokwambia. Hesabu freti mpaka shingo inapokutana na mwili, za mwanzo ni 12, zile 14 zilikuja katikati ya miaka ya 1930. Halafu mulika kwa tochi kupitia matundu ya kifuniko uangalie mikunjo kwenye koni, alumini yake ni nyembamba sana usije ukaibonyeza kwa kidole.

Koni ikiwa mbovu usiogope, mpya zinapatikana na kubadilisha sio kazi kubwa. Shingo ndo kazi, kwa ndani kuna fimbo ya mbao inaendelea kutoka shingoni mpaka nyuma ya mwili, kuirudisha sawa lazima fundi anayezijua hizi, na hiyo gharama uipunguze kwenye bei ya mzee kabla hamjashikana mikono.

kijana_wa_Pangani:
Daah asanteni sana, hii ya sumaku sikuwahi kuisikia. @FundiNyuzi na mpya je? Zinafika zile za zamani kweli au ni jina tu?

FundiNyuzi:
Zinafika mkuu, nasema hivyo bila kusita. National Reso-Phonic, hao wanaotengeneza National za siku hizi, walianza 1989 kule California na kazi yao ni safi, na shingo zao zimenyooka, unaweza kupiga mpaka juu kabisa. Kampuni ya Mule ya Michigan wanatengeneza kwa mkono miili ya chuma na hao hata hawako mbali na wewe. Ufaransa kuna Fine Resophonic. Cha zamani kinachonivutia ni ule ukavu wa mbao na chuma kilichopigwa miaka 90, na hilo sikia kwa masikio yako.

mzee_wa_koni:
Naunga mkono. Kwa anayeimba kama wewe mi ningeenda koni moja, iwe Duolian ya huyo mzee kama shingo iko sawa, au mpya ya koni moja badala ya hiyo ya koni tatu. Dobro muachie mtu wa mapajani.

kijana_wa_Pangani:
Nimeelewa wakuu. Jumamosi asubuhi naenda kwa mzee, sumaku nimeshaitoa kwenye mlango wa friji na rula nimeweka mfukoni. Nikirudi naleta picha ya namba na urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12.

mamaZena:
Na imba humo humo ndani kwake ukilipiga, nyimbo moja nzima, usiishie kucharaza tu.