Nimeuziwa meza ya kuzunguka ya mashine ya kutobolea, maelezo ya uongo, na fedha hazirudishwi!

Ndugu mafundi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ila nitaeleza kwa utaratibu ili asije mtu akasema nimekurupuka.

Mwezi uliopita nilinunua hapa Mwanza mjini, katika duka ambalo sitalitaja, meza ya chuma ya kufunga kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama, ile yenye mikono mitatu: miwili husogeza kazi mbele na nyuma, kushoto na kulia, na wa tatu huzungusha sahani. Muuzaji aliniapia kwamba nikishaifunga, mashine yangu pale Igogo itakuwa imegeuka milingi kamili, yaani mashine ya kuchonga chuma kwa biti inayokata kwa ubavu. Niliamini, kwa kuwa nilikuwa na flenji (bamba la duara la kuungia kwa bolti) ya pampu ya mteja wa Sengerema, yenye matundu 8 katika duara la kipenyo cha milimita 120, na kazi hiyo kwa kampasi na sentapanchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama ya tundu) inachosha.

Kitabu cha maelekezo hakikuwamo. Nilipouliza mkono unazungushwa mara ngapi hadi sahani imalize duara moja, nilijibiwa bila kusita kuwa ni mara 90, nami nikapiga hesabu kwamba digrii 45 ni mizunguko 11 na robo. Tundu la pili lilipotokea, halikuhitaji hata venia, kile kipimo cha milimita, kuonyesha kwamba limekwenda mbali. Nikahesabu mwenyewe, nikakuta ni mara 72, yaani kila mzunguko ni digrii 5, na nilipaswa kuzungusha mara 9 tu. Flenji imeharibika na chuma cha kufidia nimekilipa mimi.

Hesabu ikasahihishwa, lakini mkono unacheza karibu moja ya tano ya mzunguko kabla sahani haijasogea. Hiyo ni digrii 1, na kwenye duara langu ni milimita 1 na ushee, kwa hiyo bolti haiingii. Najua dawa yake: kuzungusha upande mmoja tu siku zote, kisha kukaza kabla ya kutoboa. Tatizo ni kwamba skrubu ya kukazia ilikatika nyuzi siku ya pili, nikabaki nashikilia sahani kwa mkono kama mtu anayezuia mtumbwi usiondoke mwaloni.

Linaloniudhi zaidi ni hilo neno milingi. Nilijaribu kuchimba mfereji wa kina cha nusu milimita tu kwenye aluminiamu, na kichwa kinachoshika biti kikachomoka na kuanguka mezani kikiwa bado kinazunguka. Kichwa hicho kimekaa kwenye koni kwa msuguano tu; kinastahimili msukumo wa kutoboa unaokirudisha juu, si msukumo wa ubavuni, na beringi za mashine hizi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Anayewaambia wateja vinginevyo atamkata mtu vidole.

Niliporudi dukani nilionyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaambiwa pia kwamba sijui kuitumia, mimi niliyetoboa chuma miaka yote hii! Jumatatu narudi na meza, skrubu iliyokatika na flenji yenyewe, na ninataka fedha yangu yote. Aliyewahi kufanikiwa kurudishiwa fedha kwa mali ya namna hii anieleze alianzia wapi. Flenji mpya nimeitoboa kwa kampasi na sentapanchi, na bolti zote 8 zimeingia.