Binti kalipa, mume wa mtu hakuulizwa

Wadau, hili la kumlaumu aliyebakwa tuliongelee bila kuoneana haya.

Agosti 2024 ilisambaa video ya vijana wakimbaka na kumlawiti binti mmoja huku wakimlazimisha amwombe radhi "afande". Kosa lake, eti anatembea na mume wa mtu. Septemba 30 mwaka huohuo Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma ikawafunga wanne maisha. Hukumu hiyo sina la kuisemea, ubakaji wa kundi Kanuni ya Adhabu imeupangia kifungo cha maisha.

Ninachotaka tukizungumze ni siku zile kabla ya hukumu. Kamanda wa Polisi wa mkoa, naye mwanamke, alinukuliwa na gazeti la Mwananchi akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Watu wakaja juu, Jeshi la Polisi likaomba radhi, kamanda akaondolewa Dodoma. Tukapongezana. Lakini kwani alisema jipya? Hayohayo yalikuwa yanasemwa vijiweni, saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp. "Dawa ya michepuko hiyo." "Angetulia kwao yangemkuta?" Tofauti yake na wengi wetu ilikuwa cheo.

Haya, tuchukulie tuhuma ile ilikuwa kweli, japo binti hakuwa yeye aliyeshtakiwa. Mume yuko wapi? Aliyefunga ndoa ni yeye, mwenye kumsaliti mkewe ni yeye. Katika maoni yote niliyopitia, na niliyapitia mengi mpaka kichwa kikauma, sikuona anayetaka huyo bwana atafutwe hata aulizwe tu. Mwanaume akichepuka ni kidume, na yule aliyechepuka naye ni malaya anayestahili lolote litakalomkuta. Ukosefu wa usawa mimi nauona hapo, kabla hata hatujafika kwenye habari ya vimini.

Na kuna hii hoja ya "kujiuza" yenyewe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inauliza kama kulikuwa na ridhaa. Hakuna kifungu kinachosema anayejiuza akikataa, kukataa kwake hakuhesabiki. Tena ushahidi wa aliyebakwa peke yake unaweza kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Selemani Makumba ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Sasa linganisha na maswali anayokutana nayo binti akienda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari: ulikwenda kwake kufanya nini, ulivaaje, mbona hukupiga kelele? Madawati ya jinsia na watoto yamepunguza hayo pale yanapofanya kazi vizuri. Lakini kabla hajafika kituoni, maswali hayo ameshaulizwa na shangazi zake, na wengi huishia hapo sebuleni.

(Sheria yenyewe siisifii yote. Mpaka leo mume hashtakiwi kwa kumbaka mkewe isipokuwa wakiwa wametengana. Huo nao ni mjadala wake.)

Msinijibu kwamba hili ni la wanaume tu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wanakubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, mfano kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Ndiyo maana kauli ile kutoka kwa kamanda mwanamke haikunishangaza.

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza: "Mzazi kumwonya binti asitembee usiku ni kosa?" Si kosa, hata mimi wangu nawaonya. Ila onyo hutolewa kabla. Mtoto akishaumizwa, ukimwambia "nilikwambia" hujamlinda na chochote, umemfundisha tu kwamba siku nyingine anyamaze.

Ya pili ni nzito zaidi, na wanaume wengi wanaisema kwa hofu ya kweli: kubambikiwa kesi, mtu akala miaka 30 kwa chuki za kifamilia au ugomvi wa pesa. Hilo lipo, na siwacheki wanaoliogopa. Mahakama ya Rufani imewaachia watu baada ya kuona ushahidi hauaminiki. Basi tudai upelelezi makini, mawakili kwa wasio na uwezo, daktari anayejaza PF3 kwa uangalifu na kufika kutoa ushahidi. Hayo yanamlinda aliyebambikiwa na aliyebakwa kwa pamoja. Anayeona kuuliza kuhusu mavazi na tabia nako kunasaidia, aje aeleze hapa: jibu la swali hilo linamwonyeshaje hakimu kwamba mtuhumiwa kasingiziwa?